Shavu la Kushoto la Bibi Stamili

Bibi Stamili alipofariki, wanawe wawili waligombana juu ya kila kitu isipokuwa siku ya kusimika msalaba. Siku hiyo aliipanga kasisi: Jumamosi ya mwisho ya Agosti, kabla watu hawajaingia mashambani kuokota korosho na kanisa kubakia na wazee na kuku.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa ubao. Silvano, mwana wa kiume, alitaka chini ya msalaba uwekwe ubao wa mkongo wenye uso wa mama yake, maana mkongo ni mti ambao mchwa huugusa mara moja akajuta. Lakini mwenyewe hakuweza kuuchonga. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa vinyago kijijini Makote, karibu na Newala, tangu zama za kuuza kwenye duka moja la serikali hadi soko lilipofunguliwa na wanunuzi wakaanza kufika mlangoni na magari yao, kila mmoja na bei yake na uongo wake. Mwaka uliotangulia mkono wake wa kulia ulipooza. Tangu hapo alishinda kwenye mkeka mbele ya kibanda chake, patasi zimepangwa mbele yake kama vijiko vya wageni wasiokuja, akimfokea kila apitaye.

"Atachonga Winfrida," alisema dada yake Priska, mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa Mkomaindo, Masasi. Winfrida alikuwa binti yake. "Kwa mashine yake."

"Mashine haikunyonya ziwa la mama yangu."

"Winfrida kasomeshwa kwa korosho za mama. Shule ya bweni, chuo, nauli, kila kitu. Ana haki yake."

Awadhi, aliyejifunza kazi kwa Silvano kwa miaka kumi na moja na sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, aliacha kusugua kinyago kwa msasa. "Na mimi je, Mzee?"

"Wewe unachonga tembo," alijibu Silvano. "Tembo wako wote wana uso mmoja. Mama yangu hakuwa tembo."

Hivyo ndivyo Winfrida alivyopata kazi ambayo mjomba wake hakutaka aipate, na chuki ya Awadhi ikaja kama nyongeza.

Mashine yenyewe haikuwa na makuu. Ilikuwa na ukubwa wa meza ya cherehani, yenye kisu chembamba kinachozunguka na kutembea juu ya mti kikifuata amri za kompyuta. Winfrida na wenzake watatu waliichangia kwa mradi wa mwaka wa mwisho chuoni. Wenzake walipata ajira, yeye akapata mashine. Kwa miaka miwili aliitumia kuchonga majina ya milango na vibao vya maduka pale Masasi, huku akijiambia kwamba ipo siku itafanya kazi ya maana. Aliamini jambo hilo kwa moyo wote, kama mtu anavyoamini mvua. Wachongaji wa Makote na Newala walikuwa wakizeeka na maumbo yao yakienda nao kaburini. Kama yangehifadhiwa kwenye kompyuta, yasingepotea. Uso wa Bibi ungekuwa wa kwanza.

Shida ilikuwa programu ya kuchorea. Alikuwa nazo mbili, na ilimbidi achague moja.

Ya kwanza ilikuwa ya majaribio, siku thelathini tu, kisha inajifunga mpaka uinunue. Ilikuwa nzuri kama bibi harusi. Ilikupa uso wa mfano, nawe unauvuta huku na huku mpaka ufanane na unayemtaka. Ukiliinua shavu moja, la pili linainuka lenyewe. Ukichora jicho moja, la pili linafunguka.

Ya pili ilikuwa ya bure, aliyopewa na Ladislaus aliyesoma naye. Dirisha la kijivu na vitufe sita. Humo hukuchora uso, ulipaka rangi: penye weupe mashine iliacha mti ubaki juu, penye weusi ilizamisha kisu. Uso wa kwanza aliojaribu kuupaka ulitokea kama kiazi kilichoangukiwa na tofali.

Alichagua ya kwanza. Nani asingechagua hivyo?

Picha ya Bibi ilikuwa moja tu, ya kwenye kadi ya kupigia kura. Mpiga picha alikuwa na haraka. Mwanga ulikuwa umeunguza upande wote wa kushoto wa uso. Upande wa kulia ulionekana vizuri, pamoja na nembo zake, zile chale za usoni walizochanjwa wasichana wa zamani: mistari minne iliyokunjika kwa pembe, mmoja chini ya mwingine. Winfrida alizifuata kwa kipanya, pembe kwa pembe, na programu ikamfanyia upande wa pili bila kuombwa. Jumatano jioni ubao ulikuwa tayari. Macho yalikuwa hai, mistari imezama kwenye mti safi kama iliyokatwa kwa wembe, minne kulia, minne kushoto.

Priska aliutazama kwa muda mrefu. "Mzuri mno," alisema, kisha akaingia chumbani na kufunga mlango.

Alhamisi asubuhi Winfrida alipanda gari la Newala, ubao umefungwa kwenye khanga, kompyuta begani. Alimkuta mjomba wake mkekani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umechelewa. Weka hapo."

Aliufunua ubao. Silvano alinyoosha mkono wa kushoto, akapitisha kidole kwenye paji la uso, kikateremka kwenye shavu la kulia, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akatikisa kichwa kukubali. Kidole kikavuka pua, kikafika shavu la kushoto, kikasimama.

"Nani huyu?"

"Bibi."

"Nimekuuliza, nani huyu?"

Awadhi alikuwa amesogea, mikono nyuma. "Msomi, bora mimi na tembo wangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza huyu ni nani."

"Nyamaza wewe," Silvano alisema bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Winfrida angependelea apige kelele. "Umemkata mama yangu. Walimshindwa akiwa mtoto, wakamshindwa akiwa mke wa mtu, wakamshindwa akiwa mjane. Wewe umemkuta kalala kaburini, hana mikono ya kukuzuia, ukammalizia."

"Mjomba, sielewi."

"Huelewi! Miaka kumi na sita ya shule na huujui uso wa aliyekulipia." Aliugeuza ubao, ukalala kifudifudi kwenye vumbi. "Siku ya nembo zake, fundi alimaliza shavu la kulia. Akaanza la kushoto. Mstari mmoja, akaingia wa pili. Mama akatikisika kidogo tu, kama mtoto yeyote. Fundi akamzaba kofi. Hapa." Aligusa sikio lake la kushoto. "Mtoto wa miaka kumi na mitatu akainuka, damu inamtiririka, akamwambia: Chagua, unipige au unikate; viwili kwa siku moja hunifanyii. Akapita katikati ya watu akaenda kwao. Sikio lile halikusikia tena, na shavu lile hakumruhusu mtu kulirudia. Wakamwita Nusu. Sisi wakatuita watoto wa Nusu. Nimewahi kung'oa jino la mtu kwa ajili ya jina hilo."

Winfrida aliketi chini bila kuangalia anaketi wapi. Likizo zote alizokaa kwa Bibi aliambiwa, kaa huku, upande wa sikio zima. Alikuwa amekua upande wa kulia wa Bibi. Alipopata akili, mikunjo ya uzee ilikuwa imeshachanganyika na chale kama vijia vya shambani vinavyokatana, na hakuwahi kuhesabu.

"Mama aliuona ubao," alisema. "Alisema ni mzuri."

"Priska siku zote alitaka mama mwenye mashavu mawili." Silvano alitema mate pembeni. "Jumamosi nitasimika msalaba mtupu. Hilo bao lako kapikieni ubwabwa."

"Nipe patasi, Mzee, niiparuze mistari iliyozidi," alisema Awadhi.

"Imezama. Ukiifuta, shavu lote linashuka, atakuwa kama mgonjwa wa jino. Miaka kumi na moja na hujui hata hilo."

Winfrida alifungua kompyuta. Aliifungua nusu kwa aibu na nusu kwa hasira, maana hakuna aliyewahi kumwambia habari hii na sasa wote walimshitaki kwa kutoijua. Betri ilikuwa nusu. "Nitachonga mwingine. Mti ninao. Tazama, Mjomba, ninaondoa." Uso wa Bibi ulijaza kioo. Aliugusa mstari wa nne wa shavu la kushoto, akaufuta.

Mstari wa nne wa shavu la kulia ukatoweka pia.

Awadhi alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Rudisha!" Silvano alifoka. Winfrida akarudisha, ikarudi yote miwili. "Kwa nini inafanya hivyo?"

"Mashavu yamefungwa pamoja. Kuyatenganisha ni mpaka niinunue, na siwezi."

"Kwa hiyo ulimpeleka mama yangu kwa fundi asiyejua kukata shavu moja."

Ni kweli ndivyo Winfrida alivyofanya, na alikuwa amemchagua fundi huyo kwa sababu ya urahisi wake.

Silvano alikitazama kile kioo kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. "Humo ndani hamna fundi mwingine?"

"Yupo. Wa bure. Ni mbaya."

"Mbaya kuliko huyu?"

Winfrida alifungua ile ya kijivu. Baada ya lile la kwanza, dirisha lake lilionekana kama chumba kilichohamwa. Alipaka duara jeupe kwa uso, akaeleza kwa sauti ya kukata tamaa kwamba hapa huchori, unapaka. Weupe ni juu, weusi ni ndani.

"Sema tena."

"Penye weupe mti unabaki juu, Mjomba. Kadiri panavyokuwa peusi, ndivyo kisu kinavyozama."

Silvano aligeuza macho. Pembeni ya mkeka palikuwa na kipande cha mpingo ambacho hakuna aliyekigusa tangu mkono wake ulipokufa. Kilikuwa kimekatwa kwa msumeno na ndani yake kulionekana: chini ya ganda, duara la mti mweupe, na katikati moyo mweusi kama usiku. Kila mchongaji wa mpingo huanza na weupe na kuingia kwenye weusi. Silvano alifundishwa hivyo na mjomba wake, naye kwa mjomba wake.

"Aliyeitengeneza hii," alisema polepole, "amewahi kushika mpingo?"

"Sidhani."

"Basi kabahatisha." Alijisukuma kwa mkono mmoja mpaka akafika mbele ya kioo. "Inua shavu. Zaidi. Mama alikuwa na mifupa, si andazi hilo. Hivyo. Sasa ingia pembeni ya pua, polepole, usitumbukie."

Alimwongoza hivyo kwa saa nzima na ushei, bila neno hata moja la wema. Alipokosea alimwita kipofu. Alipopatia alimwita mwizi, akisema hata saa mbovu ina dakika yake ya kupatia. Winfrida alipaka na kufuta, akajifunza kwamba kati ya weupe na weusi kuna vijivu ambavyo mjomba wake aliviona vyote. Shavu la kulia lilipata mistari yake minne. Kisha wakahamia la kushoto.

"Anzia hapa, chini ya jicho. Shuka. Kata pembe. Simama! Unaupeleka wapi, Mtwara? Huo ndio wa kwanza, mzima. Sasa wa pili. Anza. Nenda. Taratibu. Hapo, umalizie hapo katikati. Sasa upinde, kuelekea sikioni. Kidogo."

"Kwa nini upinde?"

"Kwa sababu hapo ndipo mkono wa fundi ulipoondoka kwenda kupiga kofi, na wembe ungali ndani."

Winfrida akaupinda. Hata Awadhi alikuwa ameinama kutazama. Kisha akanyanyuka.

"Miaka kumi na moja nafagia vumbi lako, Mzee," alisema. "Hujawahi kunihadithia kofi hilo."

"Hukuuliza. Uliuliza bei ya tembo."

Awadhi alikitupa kipande cha msasa mkekani akaondoka, wala hakuaga. Winfrida alitaka kumwita. Aliona kwamba mtu yule alikuwa na haki ya kukasirika, na kwamba yeye ndiye aliyekaa mahali pake. Lakini kompyuta ilimwonya kwamba betri inakwisha. Akahifadhi kazi, kioo kikazimika.

Ijumaa, Masasi, mashine ilianza kazi mapema asubuhi. Priska alisimama mlangoni akaona kisu kinavyopita kwenye shavu tupu bila kukata.

"Umekwenda kumsikiliza Silvano," alisema.

"Mama, ulijua."

"Nilijua. Yeye aling'oa jino la mtu akawa shujaa. Mimi nilikuwa msichana, ningeng'oa nini? Niliposwa mara mbili nikaachwa mara mbili, wakasema binti wa mwoga huzaa waoga. Nilitaka siku moja tu, Jumamosi hiyo moja, nisimame mbele yao na mama aliyekamilika."

"Hakuwa mwoga, Mama. Alimwambia fundi—"

"Najua alichomwambia! Alinihadithia mwenyewe. Lakini maneno hayaonekani shavuni. Shavuni linaonekana pengo."

Winfrida aliweka kidole karibu na kitufe cha kusimamisha mashine. Kama mama yake angesema neno moja zaidi, angekibonyeza. Alimpenda Bibi, lakini huyu aliyesimama mlangoni alikuwa hai.

Priska hakusema. Alichukua ubao wa kwanza uliokuwa umeegemezwa ukutani, ule wenye mashavu mawili, akaufuta vumbi la Makote kwa upindo wa khanga yake, akaingia nao chumbani. Mashine ikaendelea.

Jumamosi kasisi alisoma, kwaya ikaimba, Silvano akasimama kwa fimbo. Ubao mpya ulipofunuliwa, watu walisogea kuona. Haukuwa mzuri kama wa kwanza. Kisu kilikuwa kimeacha mistari ya meno kila mahali. Lakini wazee walionyamaza, walinyamaza kwa sababu walimwona mtu waliyemfahamu.

Si wote. Mzee Majaliwa, mjukuu wa yule fundi wa nembo, aliinama, akatazama shavu la kushoto, akajiinua. "Hee! Hata kaburini nusu?"

Wanawake wawili walificha midomo kwa khanga. Priska aliinamisha uso. Winfrida alimtazama mjomba wake, akingoja moto. Silvano alimgeukia yeye.

"Wewe ndiye uliyemchonga. Mjibu."

Winfrida alipiga hatua mbele. "Shikamoo, Mzee Majaliwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Huo mstari wa pili, unaona ulivyopinda mwisho?"

"Nauona. Umeharibika."

"Hapo ndipo babu yako alipomkata mtoto huku akimpiga kofi. Sikio lake likafa. Mtoto akamwambia achague moja, kupiga au kukata, kisha akaondoka." Winfrida aligusa mwisho wa ule mstari. "Kwa hiyo hapo hapana nusu ya Bibi. Hiyo ni kazi ya babu yako iliyomshinda, na sisi tumeiacha alipoiachia."

Kasisi alifunua kitabu chake, akakifunika. Mzee Majaliwa alitafuta sura ya kucheka naye. Alizipitia moja baada ya nyingine, mpaka akamfikia Priska, ambaye alikuwa ameinua uso na kumkazia macho. Hapo akavaa kofia yake, akashika njia kati ya mikorosho, na hakuna aliyemfuata.

Silvano aliamuru ubao uingizwe ardhini, chini ya msalaba. Priska na Winfrida waliushikilia, naye akashindilia udongo kwa kisigino, akiutukana udongo, mti na jua. Watu walipoanza kutawanyika kuelekea kwenye chakula, alibaki ameegemea fimbo, anatazama.

"Pua umeiharibu," alisema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Na paji kama limetafunwa na panya."

"Ndiyo."

"Sura yangu hutaifanya hivyo. Utakuja ningali naona, nikae mbele yako, nikuelekeze mwenyewe. Sitaki kuja kubahatishwa kwa picha ya kura."

"Nije lini?" Winfrida aliuliza.

"Msichana huyu anapanga miadi makaburini!" Silvano alianza kuondoka, fimbo ikichimba udongo mwekundu. Baada ya hatua kadhaa alisema bila kugeuka: "Jumatatu."